Tahadhari: Muuza taa za rangi anayekuja na fundi wake wa bure

Wakuu, habari za majukumu. Mwenye Corolla 110, Carina Ti, Vitz zile za mwanzo au gari lolote la umri huo anayefikiria kubadilisha taa za mbele, asome hii kabla hajatuma hela.

Kuna jamaa anauza taa za rangi Instagram, yuko hapa hapa Dar. Jina la ukurasa anabadilisha kila akichafuka, kwa hiyo mtambueni kwa staili. Anaweka video ya gari limepaki gizani, taa zinapiga ukuta kwa mwanga wa bluu, pete za pembeni zinabadilika rangi kwa rimoti. Pea ni laki na themanini, hela unatanguliza kwa simu, fundi anakufuata ulipo na kufunga ni bure. Kisha inakuja ofa: ukimwachia taa zako za zamani anakupunguzia elfu thelathini, "maana hizo bosi utazipeleka wapi?"

Anajua pa kuzipeleka, ndiyo maana anazitaka. Mimi ni fundi umeme wa magari na wateja wake wengi wanaishia kwenye gereji yangu. Taa iliyokuja na gari kutoka Japani, hata ikifubaa, rifleta yake, yaani ile sehemu ya ndani inayong'aa na kurudisha mwanga mbele, ikiwa nzima ni mali. Kama kioo ni cha plastiki unakipiga msasa wa maji, unamalizia na polishi, inarudi. Ukienda kwenye maduka ya spea za used utaambiwa bei ya pea hiyo, na haikaribiani hata kidogo na elfu thelathini. Kwa hiyo umelipia taa feki, na zile za maana umemkabidhi mwenyewe, tena umemsaidia kuzipakia kwenye bodaboda.

Juzi kaja dada mmoja, Corolla 110, taa ya kushoto inawaka na kuzima. Nilipofungua boneti tu nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Soketi ya H4, ile globu moja yenye dimu na fuli ndani yake, imekuwa kahawia na pini moja imezama ndani. Waya wa gari ulikatwa kwa sababu soketi ya taa mpya haikuoana, ukasokotwa kwa mkono na kuzungushiwa seloteipu nyeusi, hakuna lehemu hata tone. Ndani ya kioo matone ya maji yamejipanga, na gari limeoshwa tu, halijaingia hata kwenye dimbwi.

Globu iliyokuwemo imepakwa rangi ya bluu na kuandikwa 100/90W. H4 ya kawaida ni 60/55W. Ile rangi ya bluu inazuia sehemu ya mwanga usitoke, kwa hiyo mtengenezaji wa bei poa anaongeza wati ili mteja asigundue. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5 kila upande, wati 100 ni zaidi ya ampea 8, na zinapita kwenye waya na swichi za miaka ya 90 ambazo zimeshachoka. Kwenye kasha la fyuzi nikakuta pa ampea 10 pamechomekwa 30. Huyo fundi wa bure aliona fyuzi inakata, akaona suluhisho ni kuinyima kazi yake. Gari lingeweza kuwaka moto, wakuu, sitanii.

Kuna na zile za LED alizomuuzia kijana wa bajaji, boksi linasema 200W. Nimepima: ampea 2 kwa volti 13.8, yaani hazifiki hata wati 30.

Halafu ile namba ya Kelvini anayoitangaza kama nguvu ya taa. Kelvini inasema rangi tu. Globu ya kawaida ya halojeni iko kama 3,200, taa za zenoni za kiwandani zilikuwa kama 4,300. Ukipanda 8,000 ni bluu, 12,000 inaelekea zambarau, na barabara unaiona vibaya zaidi. Yule dada anapeleka nguo Morogoro usiku. Anasema mvua ilipomkuta baada ya Chalinze alikuwa anafuata taa za nyuma za lori, za kwake hazioni kitu. (Njano ni habari nyingine. Wafaransa walitumia taa za njano kwa sheria tangu miaka ya 1930 hadi 1993 na waliendesha vizuri tu. Ila huyu bwana njano hauzi, haipendezi kwenye video.)

Nyingine kati ya hizi taa za pete zimetengenezwa kwa nchi wanazoendesha upande wa kulia. Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo ukiwasha dimu, ukingo wa mwanga unatakiwa uinuke kuelekea kushoto, kwa waenda kwa miguu na vibao. Za kwake zinapanda kulia, usoni kwa anayekuja. Ndiyo maana watu wanakupigia fuli kila kona na wewe unadhani wanasifia taa. Simamisha gari kama mita tano kutoka ukutani, washa dimu. Usipoona mstari unaokata mwanga, au ukiona mstari unapandia kulia, zitoe.

Mwenye LED kwenye taa ya H4 aangalie na vijitaa vyenyewe: vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, pale pale waya wa globu ya zamani ulipokuwa. Vikitazama juu na chini, mwanga unatawanyika hata kama umenunua ya gharama.

Ukimlalamikia anasema fundi wako ndiye kaharibu, kesho yake namba haipatikani. Kama ameshakufungia, rudisha fyuzi ya saizi yake leo hii, weka H4 ya 60/55W, na usisafiri usiku kabla soketi haijabadilishwa. Kama hajakufungia, taa zako zisitoke nyumbani hata akikuongezea ofa.

Taa za zamani za yule dada bado tunazitafuta. Ni pea ya Corolla 110, ya kulia sikio la juu lilivunjika likaungwa kwa gundi nyeupe, na nyuma kuna namba ya gari imeandikwa kwa maka peni, japo watakuwa wamejaribu kuifuta. Mwenye duka la spea akiletewa, tafadhali asinunue, anistue kwanza.