Chanjo ya homa ya ini B kwa watu wazima Dodoma: nani analipa, na unapata nini

Huduma ya kuwachanja watu wazima dhidi ya homa ya ini B, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, Dodoma mjini ipo, na pale inapotolewa sawasawa ni miongoni mwa pesa bora ambazo mtu mzima anaweza kuzitumia kwa afya yake. Kasoro yake kubwa inaanzia kwenye mfuko unaoinunua chanjo. Mteja asipolijua hilo, ni rahisi alipie dozi mbili halafu aikose ya tatu.

Chanjo za watoto zina mwenyewe. Serikali huzinunua kupitia Mpango wa Taifa wa Chanjo, kwa msaada wa Gavi, zikashuka mkoani, halmashauri, hadi zahanati, na mzazi halipi hata senti. Homa ya ini B iliingia kwenye ratiba hiyo mwaka 2002. Leo mtoto huipata ndani ya sindano ya pentavalenti (chanjo tano katika moja) akiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyezaliwa kabla ya 2002 alipitwa. Ndiye kinyozi wa leo, ndiye mfanya usafi wa wodini, ndiye mtumishi aliyehamia Dodoma na wizara yake.

Kwa mtu huyu, kituo cha umma hujinunulia chanjo kwa makusanyo yake: malipo ya papo kwa papo na fedha za bima. Lazima iwemo kwenye mpango na bajeti ya kituo, kamati ya usimamizi iipitishe, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Oda hupelekwa Bohari ya Dawa. Bidhaa ikikosekana Bohari, kuna njia ya mshitiri (msambazaji binafsi mwenye mkataba na mkoa), utaratibu uliojaribiwa kwanza mkoa huu huu wa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenea nchi nzima. Ni utaratibu mzuri kweli. Lakini mganga mfawidhi mwenye fedha kidogo ataanza na dawa za shinikizo la damu, antibiotiki na vitendanishi vya maabara, na hatuwezi kumlaumu. Chanjo ya mtu mzima hubaki mkiani.

Matokeo yake ni haya: kituo kinanunua dozi 30, kinaanzisha watu 30 ndani ya mwezi mmoja, na kabla mtu wa kwanza hajarudi kwa dozi ya pili friji ni tupu. Kituo kinachoijua kazi huanzisha watu 10 na kuzitenga dozi 20 kwa ajili yao. Kwa hiyo swali la kwanza dirishani, kabla ya bei, liwe hili: dozi yangu ya pili na ya tatu mmeziweka?

Huduma sahihi huanza na kipimo cha damu cha HBsAg, kinachoonyesha kama tayari una virusi hivyo. Mwenye maambukizi tayari chanjo haimsaidii. Anapaswa kupelekwa kliniki ya ini. Anayekuuzia sindano bila kukupima, hama. Baada ya hapo ni mikrogramu 20 katika mililita 1, kwenye msuli wa bega, mwanzo, baada ya mwezi 1 na mwezi wa 6. Ikichomwa takoni, kinga hujengeka hafifu.

Ukichelewa, ratiba haianzi upya. Unaendelea ulipoishia, mradi kati ya dozi ya pili na ya tatu zipite wiki 8, na tangu ya kwanza hadi ya tatu wiki 16. Kumrudisha mtu mwanzo na kumlipisha tena ni kosa, na inaumiza zaidi pale ambapo kituo chenyewe ndicho kilichoishiwa.

Friji ndiyo inayotenganisha huduma nzuri na mbaya. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na adui yake mkubwa ni kuganda. Kliniki ndogo yenye friji ya nyumbani, vichupa vimegusana na sehemu ya barafu, inauza maji ya bei ghali. Alama ya joto kwenye kichupa, kama ipo, huonyesha joto lililozidi tu, kuganda haikuonyeshi. Kichupa kizima kikitikiswa hubaki na wingu jeupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Kilichoganda huacha chengachenga zikishuka haraka, na maji ya juu yanakuwa angavu. Mhudumu makini hulinganisha na kichupa cha bechi hiyo hiyo alichokigandisha makusudi. Omba pia kuona karatasi ya joto mlangoni mwa friji: inajazwa asubuhi na jioni, Jumapili pia. Ikiwa safu nzima ina namba moja na wino mmoja, imejazwa siku moja.

Kwenye malipo, ulizia kama bei ni ya dozi moja au zote tatu, na kama kumwona daktari na kipimo vimo ndani. Kituo cha umma kikupe kontroo namba. Pesa ya mkononi bila risiti usitoe. Kadi ya bima usiitegemee kabla ya kupata jibu la dirisha la bima. Mtumishi wa afya asilipe kabisa: sindano zinazomchoma ni za mwajiri, na chanjo iwe ya mwajiri, pamoja na kipimo cha kinga mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, ambapo kiwango cha 10 mIU/mL kwenda juu kinatosha.

Kwa ujumla, vituo vya umma tunavipa alama za juu kwa friji na za chini kwa upatikanaji. Kliniki binafsi kinyume chake. Ikague friji kwa macho yako, kisha chagua.