Bondi ya HBr pikomita 1.42? Twisheni hii imeniudhi

Hasira bado ninazo, ila acha niandike hivyo hivyo. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, narudia kidato cha sita. Mchana niko dukani na mtoto, usiku ndiyo nasoma, ndiyo maana nikalipia hii twisheni ya kwenye simu.

Siku chache nyuma tukapewa swali la momenti ya daipoli (kipimo cha jinsi chaji zilivyotengana ndani ya molekuli, kizio chake debai): HBr, yaani hidrojeni na bromini, debai 0.82, uayoni (sehemu ya chaji ya elektroni iliyohama) asilimia 12, tafuta urefu wa bondi, yaani umbali kati ya atomu hizo mbili. Swali zuri, wala si gumu. Unageuza debai kwa kuzidisha na 3.336 × 10⁻³⁰, unachukua 0.12 ya chaji ya elektroni, 1.602 × 10⁻¹⁹, unagawanya. Nikapata 1.42 × 10⁻¹⁰ mita, yaani pikomita 142 (pikomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Nikarudia mara tatu kwenye kikokotoo, mtoto kalala pajani. Ile ile.

Jibu lao: pikomita 1.42. Nikapigwa X nyekundu.

Nikapitia kazi yao mstari kwa mstari. Wameingiza 12 badala ya 0.12, basi bondi ikapungua mara mia. Jamani, H₂ yenyewe bondi yake ni pikomita 74! Bromini na unene wake ule itakaaje pikomita moja na nusu kutoka kwa hidrojeni? Mtu wa kemia akiliona jibu hilo anashtuka kabla hajashika kalamu. Na hiyo asilimia 12 haikuokotwa njiani: inapatikana kwa kulinganisha debai iliyopimwa na ile ambayo ingekuwepo kama chaji nzima ingehama umbali wa pikomita 141, urefu uliokwisha kupimwa. Swali linakurudisha ulikotoka. Ukifika kwingine, umepotea njia.

Nikamwandikia mwalimu wa zamu: "Shikamoo mwalimu, naomba uangalie tena hiyo asilimia." Akanijibu: "Dada, kama PCB imekushinda si uende HGL." Yaani niache fizikia, kemia na biolojia, niende historia, jiografia na lugha.

Nilizima simu, usiku ule sikusoma tena. Nimelipa hela yangu, nimesalimia kwa heshima, nimeuliza kitu cha kweli, halafu naambiwa hivyo? Na hao wa HGL wamemkosea nini?

Nilitaka niishie hapo, niwaambie msilipie. Lakini nitakuwa nimemdhulumu yule mama wa kwenye video. Aliziweka molekuli nne za hidrojeni kwa mpangilio, momenti zake kwa debai: HF (florini) 1.83, HCl (klorini) 1.11, HBr 0.82, HI (iodini) 0.45. Akauliza, bondi zinazidi kurefuka, mbona momenti inashuka? Akaonyesha kwamba chaji inayohama inapungua haraka kuliko urefu unavyoongezeka: HF asilimia arobaini na kitu, HI kama sita tu. Madaftari yangu yote ya shule hayana maelezo kama hayo. Kwa ajili yake ningesema lipieni, tena leo.

Ila majuzi nimefungua lile swali, nakuta jibu limebadilishwa kimya kimya: 142. X yangu bado nyekundu. Samahani hakuna, hata neno moja! Hapana, subirini kwanza, msilipie mwezi mzima. Mimi nimelipia wiki moja, nazitazama video za yule mama tu. Kwa mwalimu wa zamu sipeleki swali tena mpaka aniombe radhi.