Mwana wa Adamu au Mwana wa Mungu, lipi zito?

Kwenye majina ya Yesu, wengi tunadhani Mwana wa Mungu ndo uungu na Mwana wa Adamu ndo ubinadamu, basi. Ila ukisoma vizuri ni kama kinyume. Mwana wa Mungu hata wafalme wa Israeli waliitwa hivyo, cheki Zaburi 2, japo kwa Yesu linabeba zaidi ya ufalme. Sasa Mwana wa Adamu, jina alilopenda kujiita mwenyewe, linatoka Danieli 7, yule anayekuja na mawingu anapewa mamlaka ya milele, ndo maana kwenye Marko 14 alipolitaja tu mbele ya kuhani mkuu, jamaa akararua nguo zake akasema hiyo ni kufuru. Kwa jina la "ubinadamu" kweli?