Viatu vya shule Mtaa wa Kongo, vile vya kupangwa chini: nyota 3 kwa 5

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa natafuta viatu vyeusi vya mtoto, dukani huku mtaani kwetu wakanitajia elfu 28 na hawashuki hata mia tano, nikasema basi, naenda Kariakoo. Na sio Kariakoo ya kwenye fremu, namaanisha chini kabisa, kwenye turubai.

Nikashuka mwendokasi Gerezani, Jumamosi saa nne asubuhi (kosa langu, Jumamosi usijaribu), nikakata kwa ndani mpaka Kongo. Jamani. Sehemu ya watembea kwa miguu imeshajaa sidiria, chaja na mabeseni, ukishuka barabarani nako meza zimekutangulia, kwahiyo wewe, guta, bodaboda na mtu mwenye robota kichwani mnagombania kaupenyo ka mita moja, huku nyuma "pisha mzigo, pisha mzigo" na kila upande kaspika kanaimba buku tano buku tano, mi usiku nililala bado nakasikia. Mkoba nilivaa mbele, simu nikaficha ninakojua mwenyewe.

Kijana niliyemkuta alikuwa amepanga viatu vya kulia tu. Vya kushoto vyote viko kwenye kiroba nyuma yake. Nikamuuliza vipi tena hii, akaniambia mama nikipanga pea mtu anatembea na pea, mguu mmoja ataupeleka wapi? Nikacheka, akili hiyo. Nilikuwa na kijiti nilichokata sawa na unyayo wa mwanangu, akakichukua akakizamisha ndani ya kiatu namba 33, akabonyeza kwa dole gumba mbele, akasema huyu mpe 34, hiki cha 33 Machi utakuwa umerudi hapa. Dukani hakuna aliyenihudumia hivo, yule dada hata macho hakutoa kwenye simu. Alianzia 18, nikamwambia 12, tukaelewana 14. Nikatoa noti mbili za elfu kumi.

Sasa anatafuta chenji, ukapigwa mluzi huko mbele. Aisee sijawahi kuona. Lile turubai kumbe lina kamba kwenye kona zote nne, kavuta mara moja limekuwa furushi, liko begani, kijana hayupo. Sekunde kama tano hivi. Nimebaki nimesimama na kiatu kimoja cha kulia mkononi, elfu 20 yangu imeenda na mguu wa kushoto.

Mgambo wakapita na pikapu yao. Walichopata ni beseni la mama mmoja wa maparachichi ambaye hakuwahi kunyanyuka, mawili matatu yakadondoka yakasagwa na guta pale pale, mama wa watu kakaa chini hasemi kitu.

Nimeanza kutafuta pa kulalamikia, mwenye duka nyuma yangu ananiangalia anacheka. "Kaa hapo kwenye kigoda dada, atarudi, huo mzigo wangu." Kumbe vile viatu ni vyake! Anampa kijana mali kauli asubuhi, yaani anachukua mzigo bila kulipa kwanza, jioni wanahesabiana. Yeye ana leseni ukutani, ana mashine ya risiti, halafu mzigo unauziwa nje mlangoni kwake mwenyewe. Na ni mmoja wa wale wanaolalamika machinga, hawa wa kuuza barabarani, wamewazibia biashara, alinilalamikia hapo hapo nimekaa kwenye kigoda chake.

Baada ya dakika 20 hivi dogo karudi, jasho linamtoka, mguu wa kushoto huu hapa na chenji elfu 6 kamili, elfu moja moja. Nyota zote 3 nimempa kwa hilo. Nikaomba risiti, wakacheka wote wawili.

Nikamuuliza kwanini asiende kwenye maeneo waliyopangiwa, maana Oktoba 2021 waliondolewa tukaona barabara mpaka tukashangaa, na jengo la Machinga Complex pale Ilala lipo. Akasema mama, nani atapanda ghorofa kutafuta kiatu cha elfu 14? Kaka yake alikuwa na kile kitambulisho cha machinga cha elfu 20 cha enzi za Magufuli, anasema kipo nyumbani kwenye kabati. Mi nikakosa la kumjibu, maana hata mimi nisingepanda, ndo ukweli. Ila yule mama wa maparachichi hana mwenye duka nyuma yake wa kumwambia akae kwenye kigoda.

Nyota 2 nimezikata kwa sababu mbili. Kwanza kupita pale na mtoto au mzee ni balaa, moto ukitokea sijui gari la zimamoto litaingilia wapi, na Julai 2021 soko lenyewe liliungua tunaona. Pili, kiatu. Wiki ya tatu soli ya kushoto ikaanza kufumuka mbele, fundi kanitilia gundi kwa buku. Nikarudi Jumamosi (ndio, tena Jumamosi) nimwonyeshe yule kijana, pale pake nikamkuta dada anauza vichujio vya chai, anasema hamjui. Duka la nyuma limefungwa.

Nikanunua kichujio, elfu moja, kizuri tu.