Mzigo wa Lubumbashi: grupaji au deklarasyo yako mwenyewe?

Mzigo ukitoka Dubai au Guangzhou kupitia Dar es Salaam hadi mpaka wa Kasumbalesa, mchuuzi wa Lubumbashi ana njia mbili. Grupaji: mzigo wako unachanganywa na wa wengine, unalipa kwa kilo au kwa ujazo, duane (forodha) imo ndani ya bei, unaenda depo kuchukua katoni zako. Rahisi, ila karatasi ya DGDA (idara ya forodha) haina jina lako.

Deklarasyo yako hupitia kwa deklarant (wakala wa forodha) mwenye kibali, na hapo kodi unaiona moja moja. Chukua bidhaa ya dola 1,000, nauli na bima zikiwa ndani. Ushuru hufuata aina ya bidhaa. Nyingi huangukia asilimia 5, 10 au 20. Ikiwa 10, ni dola 100. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya 1,100, si 1,000: dola 176. Jumla 276, kabla ya malipo ya OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), FERI (fishi ya taarifa za mzigo unaoingia) na ujira wa deklarant (huyo mpatane mapema!). Kama umesajiliwa kwa TVA, zile 176 unaweza kuzikata kwenye TVA uliyokusanya dukani. Kwa grupaji, huna karatasi ya kudai.

Viatu na pochi chache? Grupaji. Mashine au kontena nzima, sioni sababu ya kujificha nyuma ya jina la mtu mwingine.