Valjean wawili: Colm Wilkinson na Alfie Boe

Les Misérables, tamthilia ya muziki, imepata waigizaji wengi wa Jean Valjean, mfungwa wa zamani ambaye ndiye mhusika mkuu, tangu ianze kuchezwa jukwaani London mwaka 1985. Mimi narudi kwa wawili. Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London, aliimba tena Royal Albert Hall mwaka 1995. Sauti yake ina mikwaruzo ya mtu aliyekaa kifungoni miaka 19, na ile sala, wimbo wa "Bring Him Home", huishusha hadi karibu na mnong'ono. Kila mara mwili hunisisimka. Alfie Boe, aliyetokea kwenye opera, alisimama kwenye ukumbi wa O2, London, mwaka 2010. Noti za juu anazifikia bila jasho. Ana sauti safi zaidi, nakiri. Lakini Valjean aliiba mkate, akateseka, na mateso hayo nayasikia kwa Wilkinson. Kwa nafasi ya Javert, polisi anayemwinda Valjean, Philip Quast wa 1995 hana mpinzani.