Kigunduzi cha vinasa sauti na kamera za siri: miezi minne nacho, nakipa nyota mbili

Hiki kidude sikukinunua mimi, alikinunua kaka yangu, na ndo maana naandika kirefu, maana kwenye maoni ya wanunuzi wengine naona watu wanaandika "kimelia, kinafanya kazi" wanakipa nyota tano wanaondoka. Kulia kinalia kweli. Shida kinalia kwa kila kitu, na mtu aliyekinunua kwa sababu anaamini serikali inamfuatilia, kwake kila mlio ni ushahidi.

Chenyewe ni kadogo kama rimoti, kina antena ya kuvuta, taa nane za mstari kutoka kijani mpaka nyekundu, kigurudumu cha kuongeza na kupunguza usikivu, na kwa nyuma kuna vitaa vyekundu vya kutafutia lenzi za kamera. Boksi linasema kinashika mawimbi kuanzia megahezi 1 mpaka gigahezi 6.5. Sasa hapo ndo penye mambo. Waifai iko kwenye gigahezi 2.4 na 5, bluutuuthi 2.4, oveni ya maikrowevu nayo maeneo hayohayo, simu zetu zinaongea na minara humohumo katikati. Kidude hakijui nani anaongea wala anasema nini, kinapima tu nguvu ya mawimbi yaliyofika kwenye antena basi. Ruta ya jirani ikiwa upande wa pili wa ukuta, kwake ni sawa kabisa na kinasa sauti kilichozikwa ndani ya ukuta.

Usiku mmoja nilimkuta kaka saa tisa kasimama koridoni pekupeku, taa kazima zote, antena kaielekeza ukutani anaisogeza taratibu kama anapaka rangi. Taa zikipanda anasimama, anarudi nyuma kidogo, anaandika kwenye daftari: saa, ukuta upi, taa ngapi. Kurasa zaidi ya kumi zimejaa, mwandiko mdogo ule wa mtu asiyetaka kupoteza nafasi. Akaniambia mdogo wangu njoo ushike mwenyewe, nikashika, kweli taa saba. Nikamwambia kaka hiyo ni waifai ya jirani. "Una uhakika?" Sikuwa nao jamani, na kidude hakina namna yoyote ya kunipa.

Nikaona isiwe tabu, nikazima ruta yetu na simu zote mbili. Taa zikashuka kutoka saba mpaka tatu. Nilidhani tumemaliza. Kaka akaniangalia akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Wamejua tunapima, wamezima." Hapo ndo nilielewa kwamba kikilia wapo, kikinyamaza wamejificha, yaani hakuna matokeo yanayoweza kumtuliza mtu mwenye hofu ile.

Na naomba msimcheke. Kilichonifanya nishindwe kumjibu ni kwamba haya mambo yameshawahi kufanyika kweli kwa watu kweli. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuanzia 1956 mpaka 1971 walikuwa na mpango wa siri wa kuwafuatilia na kuwavuruga wanaharakati, uitwao COINTELPRO, walimwandikia Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, barua isiyo na jina mwaka 1964 wakimsukuma ajiue, na mpango huo haukujulikana mpaka watu walipovunja ofisi yao ndogo pale Media, Pennsylvania, Machi 1971 wakabeba mafaili. Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, walikuwa na mbinu waliyoiita Zersetzung, wanaingia nyumbani kwako haupo, wanahamisha vitu kidogo tu, wanakuharibia kazi na ndoa, lengo uonekane umechanganyikiwa. Kaka anayajua haya yote kuliko mimi. Ila angalia inavyokuwa na gharama: mwaka 1989 Stasi walikuwa na waajiriwa kama 91,000, na juu yao watoa habari kibao, na bado waliokuwa wakiwaandama hivyo ni wapinzani, waandishi, watu wa makanisa. Kumfuata mtu mmoja saa 24 ni kazi ya timu nzima kwa zamu. Nilimwuliza kaka kwa upole, wewe una nini wanachokitaka mpaka watoe watu wote hao? Hakukasirika, alikaa kimya muda mrefu.

Turudi kwenye kidude, nilikijaribu mwenyewe nikiwa peke yangu. Nilichukua kinasa sauti kidogo cha kawaida, kinachorekodi ndani kwa ndani bila kurusha kitu hewani, nikakiwasha nikakificha nyuma ya pazia, nikapitisha antena mpaka inagusa kitambaa. Kimya! Hata taa moja ya kijani hakuna. Halafu nikaweka simu yangu chini ya mto ikiwa kwenye hali ya ndege, kimya pia, nikaitoa kwenye hali ya ndege taa zote zikawaka. Kwa hiyo kinasa sauti chenyewe hakioni, ila simu ya mwenye nyumba ndo kinailalamikia. Mafundi wanaofanya kazi hii wanakuja na mashine zinazochora kila wimbi liko wapi, na nyingine inayotambua vipande vya elektroniki hata vikiwa vimezimwa. Hiki hakimo kwenye familia hiyo.

Tena siku hizi anayetaka kukusikiliza hana haja ya kutoboa ukuta wakati simu unaibeba mwenyewe mpaka chooni. Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israeli, iliingia kwenye simu za waandishi na wanaharakati bila wao kubofya chochote, habari zake zikalipuka Julai 2021. Simu yenye Pegasus na simu safi kwenye hiki kidude zinalia mlio uleule. Mwenye wasiwasi wa kweli asasishe simu yake, mwenye iPhone awashe ile Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali iliyokuja 2022, aangalie programu zenye ruhusa ya maiki na lokesheni, na aangalie nani mwingine anajua nywila yake, maana mara nyingi anayempeleleza mtu wa kawaida ni mpenzi au mtu wa nyumbani.

Kilichomsaidia kaka ni daktari, na nilimpata kwa shida sana. Sikumwambia kaka twende ukaambiwe hakuna kitu, nilimwambia kaka hujalala vizuri miezi, twende kwa ajili ya usingizi. Daktari naye hakuanza kubishana naye habari za serikali, alianza kwa kumuuliza analala masaa mangapi. Mawili, matatu. Sasa hivi analala. Hajaacha kuamini yote, bado akiona gari limesimama muda mrefu anachungulia dirishani, lakini daftari halijaongezeka ukurasa.

Nyota mbili zote ni za vile vitaa vyekundu vya nyuma. Ukizima taa ya chumba ukachungulia kwenye kile kioo chekundu, lenzi ya kamera inarudisha nukta ndogo inayong'aa, nimejaribu na kamera ya simu na ya laptopu vyote nikavikamata kutoka hatua kama nne. Kwa anayelala sana kwenye vyumba vya kupanga hiyo inafaa, japo tochi ya simu nayo inakaribia kufanya hivyohivyo ukiwa mvumilivu. Chaji inakaa siku nzima, tundu la chaji limeanza kulegea.

Aliyetuuzia ndo ameniumiza. Kaka aliwaandikia kwamba kinalia kila chumba, wakamjibu kikilia ujue kuna kitu, wakampa linki ya kikubwa zaidi, na yeye akakiagiza, nikakiwahi kabla hakijatoka. Hiki wamekataa kukirudisha kwa sababu boksi limefunguliwa. Niliwaandikia mara tatu waondoe kwenye tangazo lao yale maneno "gundua kama serikali inakufuatilia", nimeangalia leo asubuhi, bado yapo.